Mke wa Mkopo

Mwanamke akirudi kwao na sanduku moja, mtaa mzima hujua kabla hajavua viatu. Zulekha alilijua hilo tangu utotoni, maana naye aliwahi kuchungulia dirishani na wasichana wenzake, wakiwatazama dada za watu wakishushwa na mizigo yao. Sasa zamu ilikuwa yake. Alikuwa amerudi Bungoma, nyumbani kwa baba yake Mzee Muhdhar, nyuma ya msikiti, katika chumba kile kile alichotokea akiwa bibi harusi. Kila asubuhi majirani walipompita uani akifua, walimsalimia kwa sauti laini kupita kiasi, ile sauti ambayo watu huiweka kando kwa ajili ya wagonjwa.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama."

"Na Kitale, wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi."

Hakuna aliyeuliza zaidi, na huko kutouliza ndiko kulikomchoma.

Ijumaa hiyo watu walikuwa wameshatoka msikitini. Baba yake alikuwa amekula na kujinyoosha kwenye kochi lake, redio ikisema chini chini. Zulekha alikaa kwenye kibao uani, ungo mapajani, akichambua mchele. Akasikia mtu akipiga hodi mlango wa mbele.

Mara moja tu. Lakini sauti ya mtu uliyelala naye kitanda kimoja haihitaji kurudiwa. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha, kabla hajajua anachofanya, alikuwa amekimbilia chumbani, amejifunga leso safi na kupangusa uso kwa maji. Aliposimama mbele ya kioo alijikasirikia. Mwezi mzima alikuwa amejiambia kwamba siku Aziz atakapotokea hatamtazama mara mbili. Na sasa huyu hapa, anajitengeneza nywele.

*

Ni lazima msomaji amjue Aziz alivyokuwa, asije akamhukumu kabla ya wakati.

Aziz hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa wanawake. Alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, mzaliwa wa Kitale, aliyeajiriwa na kampuni moja kuwauzia wakulima wa Trans-Nzoia pampu za maji na mashine za kukamulia ng'ombe. Angeweza kukaa na mzee mgumu kuliko jiwe, wakanywa chai, wakacheka, na jioni mzee akajikuta amenunua pampu. Walimpenda kwa sababu alipenda kuona watu wamefurahi. Na aliyetaka kumwona amefurahi kuliko watu wote ulimwenguni alikuwa Zulekha.

Zulekha naye alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo hata chumvi haikuazimwa. Baba yake aliuza vitambaa sokoni maisha yake yote, taslimu kwa taslimu. Kama chumvi imekwisha, mtakula mboga ya chukuchuku mpaka kesho. Kwa hiyo siku ile ya kwanza kwenye supamaketi ya Kitale, mwaka wa pili wa ndoa yao, Aziz alipotoa kadi ya plastiki mfukoni na kumpa msichana wa kaunta badala ya noti, Zulekha alishika mkono wa mumewe.

"Na pesa?"

"Pesa iko."

"Iko wapi?"

Aziz alitia sahihi kwenye kikaratasi, akacheka na kumkonyeza. "Iko kesho."

Msichana wa kaunta alicheka. Zulekha pia alicheka, ingawa mkono wa mumewe hakuuachia. Siku hiyo walirudi nyumbani na jiko la gesi lenye oveni, na jioni Aziz alimshika kiuno mbele ya lile jiko akamwambia, "Mke wangu hatakohoa moshi tena." Nani angegombana na maneno kama hayo?

Baada ya jiko likaja friji. Baada ya friji likaja zulia, na viti vya sebuleni ambavyo wageni waliogopa kuvikalia, na siku ya Idi bangili za dhahabu ndani ya kisanduku chekundu. Kila Zulekha aliposema, "Aziz, hivi vitu vinalipwaje?" alijibiwa kwa busu au kwa mzaha. Mvua ilipokataa na wakulima wakaacha kununua pampu, kamisheni za Aziz zilikauka, lakini kadi haikukauka. Alitoa pesa kwa kadi ili kulipia kadi. Kisha televisheni ikaenda kwa fundi na haikurudi. Kisha bangili zikaenda kusafishwa. Zulekha hakuuliza ziko kwa sonara gani. Alikuwa ameshaanza kuogopa majibu.

Halafu ikaja asubuhi ile.

Aziz alikunywa chai, akambusu kwenye paji la uso, akasema ana mteja Chwele. Hata saa haikupita, lori lilisimama mbele ya nyumba na madalali wakashuka na karatasi yao ya mahakama. Jirani yao Nyaruai, au Mama Mukami kama walivyozoea kumwita, mama wa makamo ambaye yeye na mumewe Ndung'u walikuwa na shamba la mahindi nje kidogo ya mji, alikuja mbio na kusimama kando ya Zulekha. Hawakuweza kufanya lolote. Friji ilitoka, jiko likatoka, viti vikatoka. Mwishowe ikatoka cherehani ya Zulekha, cherehani ya mkono aliyoachiwa na marehemu mama yake, ambayo haikununuliwa kwa kadi ya mtu yeyote.

Jioni hiyo Nyaruai alimlisha nyumbani kwake.

"Mimi nitakwambia ukweli, dada," Nyaruai alisema. "Deni si mbaya. Hii shamba yetu yote ni ya mkopo wa ushirika. Tumelipa mpaka nikamea mvi. Lakini kila mwisho wa mwezi mimi na Ndung'u tunakaa hapa kwa hii meza, tunalia pamoja, tunapanga. Mbaya ni ile mtu anabeba peke yake amejificha. Huyo bwana yako amekuficha sana."

Asubuhi yake Zulekha alifunga sanduku.

*

Sasa alisimama nyuma ya pazia la mlango wa sebule, na aliweza kumwona mumewe kwa upenyo.

Aziz alikuwa amekonda. Mifupa ya mashavu ilikuwa imechomoza, na shati lake jeupe, ambalo lilikuwa limemkaa vizuri siku zote, lilimning'inia mabegani. Lilipigwa pasi vizuri lakini kifungo kimoja cha kifuani kilishonwa kwa uzi mweusi. Amekishona mwenyewe, Zulekha aliwaza, na akahisi vidole vyake vikiwasha kwa hamu ya kukikata na kukishona upya.

"Umekuja na nini?" Mzee Muhdhar aliuliza baada ya salamu. "Pikipiki siioni."

"Nimekuja kwa gari la abiria, Baba. Pikipiki ilikuwa ya kampuni. Wamenisimamisha kazi."

"Inna lillahi." Mzee alizima redio. Alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti, na upole huo ulitisha kuliko kelele. "Nitakuuliza, Aziz, nawe unijibu bila maneno ya kuuza pampu. Unadaiwa na nani?"

"Benki, Baba. Na marafiki wawili watatu."

"Na mke wako je? Hakudai?"

Aziz aliinamisha kichwa.

"Siku ya nikaha," Mzee aliendelea, "uliomba mahari yangoje. Binti yangu akasema amekubali. Mahari ni haki yake, si yangu, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini nililala na neno kifuani. Mtu anayeanza nyumba kwa 'nitalipa baadaye' ataendeleaje? Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe hata mke umemchukua kwa mkopo."

"Nilikuwa na nia ya kulipa, Baba. Wallahi nilikuwa na nia."

"Nia haijawahi kupikwa ikaliwa." Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake taratibu. "Sikiliza. Nina kiwanja changu Mabanga. Nilikiweka kwa ajili ya uzee wangu. Niko tayari kukiuza. Nitailipa benki yako yote. Hao marafiki pia nitawalipa. Utalala bila mtu kukutafuta."

Aziz aliinua uso. Kwa kitambo kidogo tu, Zulekha aliiona ile nuru aliyoijua, nuru ya mtu aliyeona mlango ukifunguka.

"Baba, sijui niseme nini..."

"Hujasikia mwisho wake. Mimi nikishalipa, nawe utaandika talaka. Umwache binti yangu kwa wema, kabla hajazaa na kabla hajazeeka."

Nje mtu alipita akiuza njugu.

"Zulekha anajua?" Aziz aliuliza.

"Mimi ni baba yake."

Hapo ndipo Zulekha alipolisogeza pazia.

Macho yao yalikutana. Aziz alisimama wima bila kujua amesimama, kama alivyofanya siku ile ya kwanza alipomwona dukani kwa baba yake akipima kitambaa. Kulikuwa na aibu machoni pake, na kiu, na ombi. Zulekha alikuwa wa kwanza kutazama pembeni, maana angechelewa kidogo tu angelia.

"Rudi ndani, mwanangu," Mzee alisema.

"Sirudi, Baba. Unisamehe." Hakuwa amewahi kumjibu baba yake hivyo. "Kama kuna bei inatajwa, basi niulizwe mimi ninayeuzwa."

"Hakuna anayekuuza. Nakukomboa. Riba imeingia nyumbani mwako, imekula mpaka cherehani ya mama yako. Unataka ikule na wewe?"

Labda kama asingemtaja mama, mambo yangeenda vingine. Zulekha alishika fremu ya mlango.

"Baba, wewe ndiye umemtaja," alisema polepole. "Mama alilala kwenye chumba hicho hapo, Ijumaa mpaka Jumapili, akihitaji kupelekwa hospitali Eldoret. Ulisema tungoje Jumatatu uuze majora ya kitambaa, upate pesa zako mwenyewe. Abdikarim hapo jirani alikuwa nazo. Msikiti mzima ulikuwa nazo. Ungeomba tu, ungepewa. Hukutaka kudaiwa na mtu."

"Zulekha," Aziz alinong'ona.

"Sijawahi kukulaumu, Baba. Hata leo sikulaumu. Pengine mama angekufa tu, siku zake zilikuwa zimefika. Lakini usiniambie kwamba kinachobomoa nyumba ni deni peke yake."

Mzee Muhdhar aliirudisha miwani machoni. Uso wake haukubadilika. Baada ya muda aliinuka, akatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani tayari, akagundua, akaushusha mkono.

"Alasiri inakaribia," alisema. "Zungumzeni barazani. Mlango uwe wazi."

Akatoka. Wote wawili walimtazama akivuka uwanja kuelekea msikitini, mapema mno kuliko kawaida yake, akitembea kama mtu mzee sana.

*

Walikaa barazani, yeye mwisho huu wa benchi na Aziz mwisho ule. Nafasi iliyobaki katikati ingewatosha watoto watatu.

"Umekonda," Zulekha alisema.

"Na wewe."

"Mimi nakula. Niko kwa baba yangu."

"Najua." Aziz alisugua viganja vyake magotini. "Zule, kile alichosema mzee, mimi siwezi. Hata wakinifunga. Sikuja hapa kukuacha."

"Nilikuona ulivyoinua uso."

"Hapo sikuwa nimesikia mwisho."

"Najua, Aziz. Sikusingizii." Alikunja pindo la leso na kulikunjua. Kulikuwa na swali moja aliloishi nalo tangu siku aliyoondoka Kitale, ambalo aliliogopa kuliko njaa. "Siku ile, ulijua watakuja?"

Aziz alitazama chini. Angeweza kudanganya; Zulekha alimwona akilipima lile neno mdomoni. Kisha mabega yakashuka.

"Nilijua."

"Ulijua."

"Walinipigia simu mapema, wiki iliyotangulia. Walinitajia siku."

"Ukanywa chai yangu. Ukaniambia una mteja Chwele."

"Sikuwa na mteja. Nilienda Chwele kweli, nikakaa sokoni kwa wauza ng'ombe mpaka jua likashuka. Mzee mmoja akaja kuniuliza bei ya fahali. Alidhani ni wangu." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likafia njiani. "Niliogopa uso wako. Benki ningeikabili. Madalali, majirani, wote ningewakabili. Lakini uso wako, siku utakapojua mimi ni mtu wa aina gani... huo sikuweza."

"Uso wangu waliuona wao."

"Nisamehe."

"Acha nikwambie uso huo ulivyokuwa, kwa sababu hukuwepo." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakuwa akilia. "Waliponionyesha karatasi, nikawaambia kuna makosa, mume wangu yuko njiani. Wakatoa friji. Nikawaambia ngojeni kidogo, mume wangu yuko njiani. Nikakupigia simu, imezimwa. Nikasema betri imekwisha. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, akanionea huruma. Alipofika kwa cherehani akaniambia, mama, toa kwanza nguo yako. Sindano ilikuwa bado imo ndani ya kitambaa. Nilipokuwa nakata uzi, bado nilikuwa nasema. Mume wangu yuko njiani. Nilikuwa nakutetea, Aziz. Mpaka lori likaondoka nilikuwa nakutetea."

Aziz alifunika uso kwa mikono. Alilia bila sauti, mgongo ukipanda na kushuka, na kile kifungo chenye uzi mweusi kikimetameta kwenye jua. Zulekha alitaka kusogea. Nafasi ile ya watoto watatu haikuwa kubwa. Alikuwa amewahi kukilaza kichwa hicho mapajani akampapasa mpaka akalala, na mikono haisahau upesi.

Alisogea. Kidogo tu. Akaweka kiganja chake mgongoni mwa mumewe, na joto lake lilipompanda mkononi, alijua kwamba bado anampenda, na kwamba hilo halikuwahi kuwa tatizo.

"Nimepata kazi," Aziz alisema alipotulia. "Suam, mpakani. Kuna tajiri wa mahindi anataka mtu wa kusimamia mizani na magunia. Mshahara ni mdogo, lakini ni mshahara. Nimekwenda benki mwenyewe. Nimekaa nao, wamekubali nilipe kidogo kidogo. Nimeona chumba huko, kimoja. Twende, Zule. Tutaanza na godoro. Nitakwambia kila kitu, hata nikinunua kiberiti."

Ni maneno aliyokuwa ameyangoja. Na kama tunavyomjua Zulekha, hakuwa mtu wa kuhitaji viti wala zulia. Chumba kimoja Suam, kibatari, sufuria mbili, na mtu anayemwambia ukweli, hayo yangemtosha maisha. Tayari alikuwa ameanza kuwaza atabeba nini na ataacha nini. Tayari alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia baba yake. Ndipo alipouliza, bila mtego wowote, kama mtu anayekagua mlango kabla ya kuondoka:

"Na ile kadi?"

"Kadi haifanyi kazi. Waliifunga zamani."

"Iko wapi?"

Aziz alisita, kisha akatoa pochi. Ilikuwa pochi tupu, iliyobanana kwa wembamba. Kadi ilikuwa kwenye nafasi yake ya mbele, safi, inang'aa, imefutwa.

"Kama haifanyi kazi, unaibebea nini?"

Aziz alisema kweli, hilo lazima apewe. "Nikiwa nayo mfukoni najiona bado ni mtu. Nikiingia dukani, hata kama nanunua chumvi, najua iko. Sijui nikuelezeje."

"Nipe."

"Zule, ni plastiki tu."

"Basi nipe hiyo plastiki."

Aziz alimnyooshea. Zulekha aliishika upande mmoja. Lakini vidole vya Aziz havikuachia upande wa pili. Walikaa hivyo, wameishika wote wawili, na alipoinua macho kumtazama, aliona kwamba Aziz mwenyewe ameshangazwa na vidole vyake.

"Huenda siku moja mambo yakirudi," Aziz alisema, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejiombea. "Watanifungulia tena. Nitakuwa makini safari hii. Nataka tu nije nikurudishie vyote, Zule. Jiko, bangili, cherehani. Siku moja tu, uone."

Zulekha aliiachia.

Hakuiachia kwa hasira. Ilimtoka vidoleni kama kitu kilichokuwa si chake. Ghafla alihisi uchovu mwingi, uchovu wa mwanamke aliyefika juu ya mlima akaona mlima mwingine.

"Mimi sikutaka kuona siku yoyote, Aziz. Nilitaka kukuona wewe, asubuhi ile, umesimama kando yangu mlangoni."

"Nitasimama. Naapa."

"Usiape." Alivuta pumzi. "Baba anataka uandike talaka. Mimi sitaki kiwanja chake kiuzwe kwa ajili yangu, na sitakuomba karatasi. Ukitaka kuandika utaandika mwenyewe siku yako. Lakini kuna kitu ni changu, na hicho naweza kukitoa. Mahari yangu nimekusamehe."

Aziz alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Hapana."

"Nimekusamehe mbele ya Mungu. Huna deni na mimi."

"Usinisamehe." Alishuka kwenye benchi, akachutama mbele yake, mikono yake ikashika pindo la leso yake. "Zule, tafadhali. Benki wanisamehe, sawa. Wewe usinisamehe. Niache unidai. Kama hunidai kitu, nitarudi kwako kwa sababu gani?"

Ukungu wa machozi uliomkataa mwezi mzima ulimjia sasa. Kupitia huo ukungu aliona nywele zake, masikio yake, shingo aliyozoea kuibusu anapotoka kazini na vumbi la mashambani. Angeweza kusema neno moja tu. Alilitafuta. Alijua kwamba akilisema leo, kesho yake atakuwa Suam, na siku fulani asiyoijua kutakuwa na hodi mlangoni, na yeye atasema mume wangu yuko njiani.

"Hilo," alisema, "ndilo nililotaka ulijue mwenyewe bila kuambiwa."

Kutoka msikitini adhana ya alasiri ilianza. Aziz alibaki amechutama mpaka ilipokwisha. Kisha aliinuka taratibu, akajipangusa magoti, akairudisha pochi mfukoni. Walitazamana kwa muda mrefu, na katika kutazamana huko hakukuwa na lawama, jambo lililofanya kuwe kugumu zaidi.

"Nitapita Kitale nikachukue nguo zangu," alisema. "Halafu nitaenda Suam."

"Safari njema."

"Umsalimie mzee."

Akashuka ngazi. Alipofika barabarani aligeuka, na jina lake likamfika Zulekha mpaka kwenye meno. Akalishika hapo hapo. Aziz aliinua mkono, akakata kona kwa Abdikarim, akapotea.

*

Mzee Muhdhar alirudi jua likiwa limelegea. Alimkuta binti yake jikoni, mchele umechambuliwa, maji motoni. Alisimama mlangoni.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Amekubali?"

"Sikumwomba. Kiwanja chako usikiuze, Baba."

Mzee alitaka kusema jambo. Zulekha alimwona akilianza mara mbili, midomo ikifunguka na kufungika. Mwishowe alivuta kibao, akakaa hapo jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu mkewe afe, akachukua kisu na kitunguu akaanza kumenya. Walipika pamoja wakala, na kila mmoja alimwekea mwenzake nyama yake.

Siku chache baadaye simu ya Zulekha iliita. Ilikuwa namba ya Nyaruai, na upande wa pili kuku walisikika wakilia na Ndung'u akimwita mtu shambani.

"Dada, nimekupigia nikuambie. Bwana yako alipita kwangu jana kuniaga. Amerudisha funguo ya nyumba kwa landlodi. Alikuwa na begi moja tu, ati anaenda Suam."

"Alisema nini?"

"Hakusema mingi. Mimi nilidhani amekuja kuomba pesa, si unamjua. Hata nilikuwa nimeshatengeneza maneno ya kumkatalia. Lakini hakuomba kitu. Alisimama tu hapo kwa mlango, akaangalia ile nyumba yenu mara moja, akaniambia asante, Mama Mukami, kwa vile ulisimama na mke wangu ile siku." Nyaruai aliwafukuza kuku. "Uko, dada? Unanisikia?"

"Niko."

"Pole sana. Hata mimi nilishindwa nimwambie nini."

Zulekha aliegemea ukuta wa uani. Nguo alizofua asubuhi zilikuwa zikipepea kwenye kamba, za kwake na za baba yake, na mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Mlima Elgon.

"Mama Mukami," aliuliza, "alikuwa amekula?"

"Nilimpa chai na mkate. Alikunywa amesimama. Mkate aliuacha."

"Sawa," Zulekha alisema. "Asante kwa kumpa."

Akakata simu. Akaanua nguo moja moja kabla mvua haijafika, akizikunja vizuri juu ya mkono wake, na alipoingia ndani alikuwa akilia kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia tangu aje, na baba yake alimsikia, akaja, akamshika.